Foleni ya Mwanakwerekwe na Tunguu: daraja la juu, vigari vya reli, ada ya maegesho au basi la bure?

Mwanangu wa tatu anasoma Tunguu, nje ya mji wa Zanzibar, na sisi tunakaa Kikwajuni, mjini. Kwenye ramani ni kilomita kumi na kitu tu, lakini kwa saa ya mkononi ni jambo jengine. Akitoka nyumbani saa kumi na mbili na robo anafika mapema, na dakika za kunywa maji zinabaki. Akitoka saa kumi na mbili na nusu anachelewa kipindi cha kwanza. Robo saa ya usingizi inamla nusu saa ya njiani, na hesabu ya namna hiyo hawakumfundisha skuli.

Muhula uliopita, siku ya mtihani, tulitoka pamoja kwa sababu nami nilikuwa na shughuli huko huko. Kituoni Mwanakwerekwe tukapanda daladala, tukakaa. Injini inanguruma, konda kasimama mlangoni anapiga bati: "Wawili tu, tunaondoka! Wawili tu!" Wawili hao waliitwa kwa dakika ishirini. Walipopatikana, wengine watatu wakashuka kwa hasira, hesabu ikaanza upya. Nyuma yetu gari nne za njia hiyo hiyo zilikuwa zimejipanga, mikia yao imetoka nje ya kituo hadi barabarani, na nyuma ya hizo kila mwenye kwenda Fuoni kasimama anapiga honi. Mwanangu akanambia, "Baba, tushuke tupande ile ya mbele." Ile ya mbele nayo ilikuwa inatafuta wawili.

Tangu siku ile nikisikia mtu anasema dawa ya foleni ni kadha wa kadha, swali langu ni moja: hiyo dawa itaifanya nini gari iliyosimama kutafuta abiria wawili? Ndiyo mizani niliyotumia hapa.

Nimechukua mifano mitatu kutoka miji ya vyuo ya milimani huko Marekani, nikaiweka kando ya dawa tunayoijua hapa nyumbani. Watu watauliza, milima na Unguja wapi na wapi? Kilima chetu kirefu mtu anakipanda bila kuhema. Lakini shida ni ile ile. Mji wa milimani hauna pa kupanua barabara kwa sababu bonde ni jembamba. Mji wetu hauna kwa sababu ya bahari. Mji Mkongwe umejengwa juu ya ulimi wa ardhi, na zamani maji ya pwani yaliingia hadi nyuma yake, watu wakivuka kwa daraja kwenda Ng'ambo. Jina la Darajani limetoka hapo. Maji yale yalikuja kufukiwa, lakini uwembamba wa mji haukufukiwa pamoja nayo. Juu ya hapo, miji ile ina wanafunzi wengi kupita kiasi cha mji wenyewe, na wote wanataka kufika darasani kwa wakati mmoja. Hilo Tunguu wanalijua, maana Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina kampasi yake kuu pale, na Chuo Kikuu cha Zanzibar ni jirani yake.

Daraja la juu

Nianze na la nyumbani. Serikali imechagua kujenga madaraja ya juu Amani na Mwanakwerekwe, na sitaki kuwa mtu wa kubeza. Pale ambapo barabara mbili zenye gari nyingi zinakatana, hakuna mataa wala trafiki anayeweza kuzipitisha zote kwa wakati mmoja. Daraja la juu linaweza. Mwenye kwenda moja kwa moja anapita juu, mwenye kukata kona anabaki chini, na dakika zinaokolewa kweli.

Ila daraja lina mwisho, na mwisho wake ni barabara ile ile ya zamani. Gari zilizokuwa zikisubiri njia panda sasa zinateremka kwa pamoja na kwenda kusubiri mbele, kwenye kituo, kwenye kipilefti cha pili, kwenye mlango wa soko. Foleni inahama. Halafu liko jambo ambalo halionekani mwaka wa kwanza: njia ikiwa nyepesi, aliyekuwa akipanda daladala anaanza kufikiria kagari kadogo ka mtumba kutoka Japani. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu karibu 594,000 katika sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ikawakuta 893,169. Kwa miaka kumi wameongezeka watu laki tatu. Ikiwa hata sehemu ndogo yao watakuja mjini kila mmoja na gari yake, madaraja tutayajenga mpaka lini?

Na lile swali langu? Daraja la juu haliigusi gari iliyosimama kutafuta wawili. Inaweza hata kusimama chini ya daraja, kivulini, kwa raha zaidi.

Vigari visivyo na dereva

Mji wa Morgantown uko West Virginia, kando ya mto Monongahela, vilima kila upande. Chuo kikuu cha pale kimegawika: kampasi ya mjini chini, na nyengine Evansdale, upande wa pili wa mji. Katika miaka ya 1960 wanafunzi walikuwa wanabebwa na mabasi baina ya vipindi kupitia njia zile zile nyembamba wanazopita wenye mji, na mji ukaziba. Profesa mmoja wa uhandisi mzaliwa wa Misri, Samy Elias, akashikilia kwamba ijengwe njia ya peke yake, ya zege, ipitishwe juu na kando ya mji, na juu yake viende vigari vya umeme visivyo na dereva.

Vigari vilianza kubeba abiria 1975, na kufikia 1979 vituo vilikuwa vitano. Kigari kimoja kinachukua watu kama ishirini, wanane wamekaa na waliobaki wamesimama. Unaingia kituoni, unabonyeza kituo unachokwenda, kigari kinakuja na kinaweza kuvipita vituo vya kati bila kusimama. Toka mwisho mmoja hadi mwengine haifiki robo saa. Chini ya njia wamepitisha mabomba ya maji moto ili theluji isishike. Hicho sisi hatukihitaji, lakini kinaonesha walivyokuwa wamedhamiria.

Gharama ikapanda mara kadhaa kuliko makadirio ya mwanzo na kupita dola milioni 100, tena dola za wakati ule, na nyingi zilitoka serikali kuu ya Washington iliyotaka mfano wa kuwaonesha watu. Vigari vinaharibika, vinasimama katikati, wanafunzi wanachelewa na kulalamika. Hata hivyo bado vinakwenda, nusu karne baadaye. Miji mingine haikukimbilia kuiga.

Sitasema uongo, mfano huu ndio uliokuwa ukinivutia mwanzo. Chuo chetu cha taifa nacho kimetawanyika: Tunguu, Vuga, Beit-el-Ras, Mbweni, Maruhubi, Kizimbani, Chwaka. Tena Unguja si wageni wa reli. Mwaka 1905 treni iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ilikuwa inatoka karibu na Ngome Kongwe kwenda Bububu, maili saba, ikipita katikati ya vichochoro karibu na milango ya watu. Miaka ya 1920 ikafa. Gari za petroli zilikuwa zimefika na kila mtu akaona huo ndio ustaarabu. Wazee wetu walikuwa na haki ya kukosea, hawakuiona Mwanakwerekwe ya leo.

Lakini kwa kuchagua kitu cha kufanya, hapana. Ukiiweka kwenye mizani, njia hii inaipita gari iliyosimama kwa kuruka juu yake, nayo inaiacha pale pale. Fedha zake zingetosha kununua mabasi ya kisiwa kizima. Na kifaa cha umeme kilicho wazi kwenye hewa ya chumvi, chenye vipuri vya kuagizwa nje, sote tunajua safari ya kipuri kutoka bandarini hadi kwa fundi.

Ada ya maegesho

Boulder, Colorado, imekaa chini ya milima ya Rocky, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Ni mkubwa kuliko ile miji mingine miwili, lakini una jambo moja la kujifunza. Tangu 1970 wana eneo maalumu la katikati ya mji ambalo maegesho yake yanasimamiwa kwa pamoja, na sehemu ya fedha za maegesho imekuwa ikinunua pasi za basi kwa wafanyakazi wa maduka na maofisi ya hapo. Anayekuja na gari anamlipia anayekuja na basi. Sehemu ya mtaa wao wa Pearl wakaifunga kwa magari, na tangu 1977 ni ya watembea kwa miguu. Na mwaka 1991 wanafunzi wa chuo kikuu walipiga kura wenyewe wakubali kukatwa ada kidogo kila muhula ili kila mmoja awe na pasi.

Hapa kwetu dawa hii ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo inayochukiwa kuliko zote. Vichochoro vya Mji Mkongwe gari haingii, kwa hivyo gari zote zinauzunguka mji kama chawa kwenye mshono: Malindi, Forodhani, Vuga, Mnazi Mmoja, Darajani. Barabara ya njia mbili ikiegeshwa gari pande zote inabaki njia moja, na hapo huhitaji gari mpya hata moja kuzalisha foleni; zilizolala zinatosha. Tiketi za manispaa zipo, watu wanazijua. Kinachokosekana ni mtu kuiona ile pesa inakwenda wapi. Ingekuwa nakatwa tiketi Forodhani na nyuma yake imeandikwa "umemlipia mwanafunzi nauli ya Tunguu", bado ningenung'unika, ila kwa uchache kuliko sasa, na ningeilipa.

Peke yake haitoshi. Huwezi kumpandishia mtu maegesho wakati njia yake nyengine ya kufika kazini ni kuitwa "wawili tu" kwa dakika ishirini.

Basi la bure

Boone ni mji mdogo wa North Carolina, kama mita 1,000 juu ya bahari. Sensa ya 2020 iliwakuta watu 19,092. Chuo chao, Appalachian State, kina wanafunzi zaidi ya 20,000. Yaani chuo ni kikubwa kuliko mji! Barabara kuu zinakutana bondeni na hakuna pa kupanua bila kuchimba mlima.

Wanachofanya ni kitu cha kawaida mno, hakina hata picha nzuri ya kuweka gazetini. Wana mabasi yanayoitwa AppalCART. Hulipi mlangoni, uwe mwanafunzi, muuza duka au bibi anayekwenda hospitali. Gharama zinachangwa na chuo pamoja na ada ya wanafunzi, mji, wilaya, jimbo na serikali kuu. Basi linapita kwenye majumba wanayopanga wanafunzi, na pembeni ya mji uko uwanja mkubwa wa kuacha gari. Unaiacha huko, unaingia mjini kwa basi.

Lina kasoro. Asubuhi basi linajaa na wengine wanabaki kituoni. Likizo ratiba inapungua. Na anayekaa hatua chache kutoka darasani anakatwa ada sawa na anayekaa mbali.

Sasa niambie kuhusu wawili wetu. Basi la Boone halimtafuti mtu. Likifika dakika yake linaondoka, limejaa au liko tupu, kwa sababu limeshalipwa kabla ya kuwashwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ubure wenyewe si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba dereva halipwi kwa vichwa.

Daladala yetu inalipwa kwa vichwa. Dereva na konda wana hesabu ya tajiri: kila jioni kiasi fulani kimfikie mwenye gari, mafuta yatoke, na kinachobaki ndicho chao. Kiti kitupu kinatoka mfukoni mwao. Ndiyo maana wanasubiri kituoni mpaka wajae, wakishajaa wanakimbia kama wanafukuzwa, wakiona mtu kasimama chini ya mwembe wanafunga breki papo hapo, katikati ya njia. Tunawatukana kuwa hawana adabu. Mweke imamu kwenye usukani ule na hesabu ile, wiki ya pili atasimama chini ya mwembe.

Na chenji! Waliopanda gari zetu za viti vya kutazamana wanajua: magoti yamegusana, konda kakunja noti kwa urefu kazibana baina ya vidole kama kipepeo, abiria wa mwisho ana noti ya elfu kumi, na gari imesimama inangoja noti ile izunguke mikono sita ivunjwe. Watu kumi wakishuka kituo kimoja kila mtu na noti yake, dakika zimekwenda. Basi lililolipwa kabla halina mchezo huo.

Ukiyaweka pamoja

Kwa fedha, vigari vya Morgantown viko mbali huko juu, daraja linafuata, basi linagharimu kila mwaka bila kwisha, na maegesho yanaingiza badala ya kutoa. Watu wengi hapa wanakosea: wanaona daraja ni rahisi kwa sababu unalipa mara moja, na basi ni ghali kwa sababu unalipa kila mwezi. Ila kila mwezi huo tayari tunaulipa, kwa nauli, kwa petroli inayoungua gari imesimama, na kwa mtihani wa mtoto.

Kwa muda, maegesho yanaweza kuanza mwezi ujao. Basi la mkataba ni muhula mmoja wa kujipanga. Daraja ni miaka. Reli ni maisha ya mtu.

Kwa nafasi, nenda kasimame Mwanakwerekwe uhesabu. Coaster moja inabeba watu karibu thelathini na inachukua nafasi ya gari ndogo mbili hivi. Watu thelathini wale wale wakija kwa gari zao, wawili wawili, ni gari kumi na tano. Hesabu hii haina siasa.

Kwa atakayeumia: daraja linamuumiza mwenye nyumba na duka la pembeni wakati wa ujenzi. Maegesho yanamuumiza mwenye gari, ambaye mara nyingi ndiye mwenye sauti. Basi linaweza kumuumiza mwenye daladala, na hilo ndilo linalonishughulisha zaidi, kwa sababu nyuma ya kila daladala kuna dereva, konda, deiwaka na watoto wao. Ikiwa basi la bure maana yake ni kuleta mabasi mapya na kuwafukuza hawa, mimi sikubali. Lakini kwa nini yawe mapya? Gari zipo, madereva wapo na njia wanaijua usiku na mchana. Kinachobadilika ni malipo: gari inalipwa kwa safari iliyofanyika kwa wakati, badala ya vichwa ilivyovijaza.

Kwa hivyo uchaguzi wangu ni basi la mkataba kwanza, kwa njia ya Tunguu peke yake, maana pale abiria wanajulikana, saa zao zinajulikana, na vyuo vinaweza kukusanya mchango kabla ya muhula. Maegesho ya mjini yafuate nyuma yake, fedha zake zikiingia kwenye mkataba huo huo, ili ada ya mwanafunzi isiwe nzito. Anayekaa dakhalia, yaani bweni la chuo, huko Tunguu alipe nusu. Boone hawafanyi hivyo, sisi tufanye. Daraja likishajengwa litumike vizuri: chini yake pasiwe kituo cha kusubiri, pawe pa kushusha na kupakia tu. Reli niachieni mimi niiote.

Kwa mtu mwenye gari yake na anayefanya kazi Vuga, najua atachagua daraja, na kwa safari yake ya mwaka huu hajakosea. Mwenye duka Darajani nadhani atayakataa maegesho mpaka aone mteja wa basi anaingia dukani. Kuzipishanisha saa za kuanza skuli, maofisi na vyuo ni jambo jema na halina gharama, lifanywe tu. Ramadhani ndiyo inayotuonesha: saa za kazi zikibadilika, foleni ya asubuhi inalegea, ingawa saa kumi na moja jioni kila mtu yuko sokoni anatafuta tambi na mihogo, na hapo hata baskeli haipiti.

Wiki iliyopita nilikutana tena na konda wa siku ile. Nikamweleza yote: malipo kwa safari, hakuna chenji, hakuna kupiga debe, jioni unalipwa hata kama ulibeba watu watano. Akasikiliza huku anakunja noti zake. Nilidhani atanicheka. Akauliza, "Na gari ikinifia Fuoni na safari haijakamilika, nani analipa, mimi, tajiri au chuo?"

Sikuwa na jibu. Nimeliandika kwenye karatasi, na yeyote atakayeandika mkataba huo aanze na kifungu hicho.